Giaboksi imekufa, au nguvu inapotelea njiani? Jibu kwa mwenye Defender wa Babati

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya mwaka 1997, injini 300Tdi, niliinunua ikitoka kubeba watalii. Kwa miezi kadhaa ilikuwa inatoa kishindo huko chini kila nikiachia mafuta na kukanyaga tena. Juzi nikiwa napandisha Dareda kwenda Mbulu, gari likasimama. Injini nzima, gia zote zinaingia kama kawaida, ila nikiachia klachi injini inapiga resi tupu na gari haliondoki. Nimevutwa na trekta hadi nyumbani Babati. Fundi wa hapa anasema giaboksi imekufa, nikanunue ya mtumba Arusha. Hela hiyo sina. Uwanja ninao, spana ninazo, jeki ipo, na kuna kijana wa kunisaidia. Je, naweza kuitengeneza hapa nyumbani, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa kukwama mlimani. Hela yako ikae kwanza mfukoni. Uliyoeleza hayafanani na giaboksi iliyokufa. Giaboksi ikifa haifi kimya: hunguruma, husaga, hukataa gia moja au mbili, au hutema gia ukiwa kwenye mwendo. Yako inapokea gia zote bila ugomvi, injini inazunguka, halafu nguvu inapotea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue giaboksi gani, uliza nguvu inapotelea wapi kati ya injini na tairi. Jibu la swali hilo utalipata hapo hapo uwanjani kwako kabla hujashusha kitu chochote kizito.

Fuata njia ya nguvu yenyewe. Inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia giaboksi, inatoka kwa nyuma kupitia shafti kuu na kuingia transfa, lile boksi la pili lililofungwa nyuma ya giaboksi. Ndani ya transfa kuna difu ya kati inayoigawa, nusu propela ya mbele na nusu propela ya nyuma. Halafu difu za mbele na nyuma, saidi shafti, flenji za kwenye habu, tairi. Wengi wetu tumezoea Hilux na Land Cruiser za fowili ya kuingiza, ambazo bila kuvuta ule mkono zinasukumwa na tairi za nyuma peke yake. Defender inavuta tairi zote nne muda wote, ndiyo maana ina difu ya kati. Na difu ambayo haijafungwa hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Saidi shafti moja ikikatika, iwe ya mbele au ya nyuma, mzunguko wote unakimbilia pale palipokatika na gari linabaki limesimama kana kwamba halina giaboksi. Fundi aliyezoea magari mengine hapo hukosea kirahisi, na simlaumu sana.

Anza na jaribio linaloonekana la kijinga: mkono mdogo, ule wa transfa. Kati ya gia kubwa na gia ndogo kuna nyutro, na kwenye gari la umri huu viungo vya mkono ule vimelegea kiasi kwamba mkono unaweza kuonekana umeingia kumbe transfa iko nyutro. Dalili zake ni hizo hizo zako. Gari likiwa limesimama kabisa, ingiza gia ndogo, sikia imekaa, jaribu kuondoka. Kisha rudisha kubwa, jaribu tena. Likiondoka kwa ndogo na kukataa kwa kubwa, tatizo liko kwenye viungo vya mkono au uma ndani ya transfa, na giaboksi haihusiki hata kidogo.

Likikataa kote kote, nenda kwenye loki ya difu ya kati. Simamisha gari mahali tambarare, mbele na nyuma pasiwe na mtu, sogeza mkono upande wa kufunga, angalia taa yake kwenye dashibodi. Taa hiyo hudanganya, swichi zake hufa, kwa hiyo isipowaka usikate tamaa. Ingiza namba moja, achia klachi taratibu. Gari likiondoka, giaboksi yako ni nzima, klachi ni nzima, na shafti kuu ni nzima. Kilichokatika kiko baada ya transfa. Utazame na mshale wa spidomita kabla hujafunga loki: kwenye Defender yako kebo ya spidomita inaendeshwa na shafti ya transfa inayokwenda nyuma. Gari limesimama lakini mshale unapanda? Mzunguko unafika transfa na unapotelea upande wa nyuma. Mshale umelala, ila ukifunga loki gari linatembea? Tafuta upande wa mbele.

Kuna uwezekano kwamba loki imeganda kwa kutotumika miaka. Basi vuta breki ya mkono na uachie klachi kwa gia ya kwanza. Breki ya mkono ya Defender haishiki tairi. Inashika ngoma iliyopo nyuma ya transfa, kwenye propela ya nyuma. Ukiishikilia propela ya nyuma, difu ya kati inalazimika kupeleka nguvu mbele. Kama kilichokatika ni saidi shafti ya nyuma, gari litajivuta kwa tairi za mbele. Jaribio la sekunde chache tu, usiendeshe hivyo.

Ikionekana ni saidi shafti ya nyuma au flenji, umeponea chupuchupu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja: vua kofia ya mpira kwenye habu, tazama meno, fungua bolti tano za flenji, vuta shafti utoe na kile kipande kilichobaki ndani. Sitaendelea na hilo, kwa sababu sidhani ndilo linalokusumbua.

Ninachokishuku mimi ni hicho kishindo cha miezi kadhaa. Shafti kuu ya giaboksi inatokeza nyuma na kuingia ndani ya gia ya kwanza ya transfa kwa meno ya mstari, hakuna bolti. Kwenye gia za zamani meno hayo yalikaa makavu: oili ya giaboksi inaishia kwenye sili kabla ya kuyafikia, na oili ya transfa nayo haifiki. Chuma kinasugua chuma kila unapoachia na kukanyaga mafuta, kinatoa unga wa rangi ya kutu, nafasi inaongezeka, kishindo kinakua, hadi siku yenye mlima na mzigo meno yanapokwisha na shafti inazunguka peke yake ndani ya gia. Ugonjwa huu ni maarufu kwa Defender zenye giaboksi za aina ya LT77 na R380 (yako ni R380), na ndio uliofanya baadaye gia hiyo itobolewe matundu ili oili ya transfa ipenye hadi kwenye meno.

Uzuri ni kwamba unaweza kuyaona meno hayo bila kushusha giaboksi. Ila kabla hujaingia chini ya gari, nisikilize hapa kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Nimekwambia breki ya mkono iko kwenye propela ya nyuma. Maana yake ni hii: ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, lile lililobaki chini linaweza kuviringika kupitia difu ya nyuma huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Ukifungua propela ya nyuma, breki ya mkono haishiki chochote. Na kama meno au saidi shafti zimekatika, kuacha gari kwenye gia hakusaidii. Kwa hiyo kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi za upande wa pili, ardhi ngumu na tambarare, na stendi za chuma chini ya mihimili. Jeki ni ya kuinulia tu. Tofali na mawe yanapasuka bila kuaga. Kwa jaribio ninalokueleza huhitaji hata kuinua gari; Defender iko juu vya kutosha kuingia ukiwa umelala, tairi zote nne chini na kabari zimekaa.

Mwaga oili kwanza, na usome unachomwaga. Kila mara legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana nati ya kujazia ikikataa kufunguka baada ya oili kumwagika, umejifunga mwenyewe. Maboksi yote mawili ni ya aluminiamu, nyuzi zake huvuliwa kirahisi. Tumia spana ya saizi kamili, siyo praisi. Mwaga transfa kwenye beseni safi moja na giaboksi kwenye jingine. Giaboksi ya R380 hutumia oili nyepesi, ATF nyekundu (ile ya giaboksi za otomatiki) au ile ya MTF94. Transfa hutumia gia oili nzito namba tisini. Ukikuta transfa ina wekundu, au giaboksi imejaa kupita kiasi huku transfa ikiwa kavu, sili iliyo kati yao imekwisha na zinapeana oili. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia mtoni. Pitisha sumaku: matope laini ya kijivu ni uchakavu wa kawaida, chembe za rangi ya dhahabu, ambazo sumaku haizishiki, ni za ringi za sinkro zinazolainisha gia kuingia, na vipande vya chuma vyenye umbo, hata kimoja, ni beringi au jino. Ukivikuta vipande hivyo kwenye beseni la giaboksi, nitakubaliana na fundi wako kwa sehemu.

Hapo hapo tazama chini ya nyumba ya klachi, kuna kitundu. Kikidondosha oili nyeusi ni sili ya nyuma ya injini. Nyekundu ni sili ya mbele ya giaboksi. Liweke akilini, utalihitaji tukifika kwenye kushusha.

Sasa nenda nyuma ya transfa. Kuna kifuniko cha bolti sita kinachoziba pale ambapo magari mengine hufungiwa winchi au pampu, mafundi hupaita PTO. Kifungue. Ndani utaona mwisho wa ile gia, na katikati yake mwisho wa shafti kuu. Injini imezimwa, betri umeitoa waya. Mwambie kijana aweke mkono wa transfa nyutro na giaboksi namba moja. Kisha izungushe gia kwa mkono ukitumia kipande cha mbao au cha bomba, kwenda na kurudi, macho kwenye shafti.

Kuna majibu matatu. Gia ikizunguka huku shafti imesimama tuli, meno yamekwisha, umeupata ugonjwa. Gia na shafti zote mbili zikikataa kuzunguka, ila gia inacheza kidogo tu, meno yapo. Kiasi cha mchezo ndicho kitakachokuambia yamebaki kwa kiasi gani. Na gia na shafti zikizunguka pamoja kwa wepesi ingawa uko namba moja, basi meno ni mazima na kilichokatika kiko mbele yake: ama klachi, ama ndani ya giaboksi. Diski ya klachi ya 300Tdi inaweza kung'oka katikati, kile kitovu chenye springi kikabaki kinazunguka peke yake, na dalili zake ni hizi hizi zako. Katika hali hiyo giaboksi itashuka, lakini itarudi ilivyo na utanunua klachi tu.

Ili kuitoa gia yenyewe uikague, unaondoa kile kishikio cha beringi kilichokaa nyuma ya kifuniko, unaivuta gia ikiwa na beringi zake. Usiizungushie nyundo. Shimu utakazozikuta, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, ziweke kwenye mfuko na uandike zilipotoka, maana ndizo zinazopanga mkazo wa beringi, na ukifunga beringi mpya mkazo huo lazima upimwe upya. Pangusa shafti, pitisha ukucha kwenye meno. Jino zima lina kichwa bapa na kuta zilizosimama. Lililokwisha lina ncha kama kisu.

Kama meno ya shafti bado yana kuta, huna haja ya kushusha giaboksi. Nunua gia mpya ya aina ile iliyotobolewa, ibebe ya zamani mkononi uhesabu meno na ulinganishe mteremko wake, kwani gia ya transfa ya Discovery, ile Land Rover nyingine, na ya Defender hazilingani. Paka meno ya ndani grisi ya molibdeni, badili gasketi na sili unazozifikia, funga. Itakupa muda mrefu, na kazi yote inafanyika ukiwa umelala kwenye mkeka.

Kama ya shafti yamekwisha, na kwa maelezo yako naogopa yamekwisha, kuna fundi atakushauri kuchomelea gia kwenye shafti. Gereji bubu wanafanya, na gari linatembea kweli. Ukikubali, umeunganisha maboksi mawili kuwa kitu kimoja: siku sili inavuja au beringi inalia, hakuna wa kuyatenganisha bila kukata. Umeme wa kuchomelea unapita kwenye beringi na kuziachia vidonda, na joto linaua ugumu wa chuma cha shafti. Kama uko katikati ya pori na mgonjwa ndani ya gari, chomelea ufike. Uwanjani kwako Babati sioni sababu.

Njia sahihi ni shafti kuu mpya, na hapo kazi inagawanyika mara mbili. Kushusha na kupandisha ni kazi yenu wawili nyumbani. Kufungua R380 na kuipanga upya siyo. Beringi zake zinatolewa na kurudishwa kwa presi, mchezo wa shafti unapimwa kwa saa ya kupimia na kurekebishwa kwa shimu, na ukikosea sehemu ndogo ya milimita utakuja kushusha tena kabla ya masika. Kwa hiyo lisisafiri gari, isafiri giaboksi. Ipakie kwenye pikapu, ipeleke Arusha kwa fundi mwenye presi, simama pale akifungua. Arusha hakuna upungufu wa watu wanaoijua mashine hii. Lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lilionyesha zimejaa kiasi gani huko. Mwambie unataka shafti kuu, beringi zote, sili zote, na ringi za sinkro zilizochakaa. Akikwambia shimu zile zile za zamani zitatosha bila kupima, chukua giaboksi yako.

Kushusha kwenyewe kunachosha, ila hakuna uchawi. Kwa watu wawili wasio na mtambo wa kunyanyulia, nashauri mtoe transfa kwanza, kisha giaboksi, badala ya kuyashusha yote kwa mpigo. Toeni viti, sakafu na kifuniko cha katikati ili mfikie bolti za juu kutokea ndani. Propela zote mbili zikatwe, na kabla ya kuzikata piga alama ya tindo au rangi kwenye flenji ili zirudi zilivyokuwa. Nati zake ni za inchi, 9/16, siyo za milimita. Spana ya milimita inayokaribia ndiyo inayoharibu vichwa. Kebo ya spidomita, kebo ya breki ya mkono, waya za taa ya rivasi na loki ya difu, mipira ya kupumulia. Pampu ya chini ya klachi ing'oe kwenye bolti zake mbili uitundike na mpira wake, usiikate, usije ukaanza kutoa hewa bila sababu.

Ule mhimili wa chasi unaopita chini ya giaboksi umefungwa kwa bolti na hutoka, lakini umebana. Ukigoma hata baada ya bolti kutoka, chasi inahitaji kutanuliwa kidogo sana kwa jeki iliyolazwa kati ya mbavu zake. Kidogo sana. Kabla ya hapo injini iwe imeshikiliwa kwa jeki na ubao chini ya sampu, vinginevyo giaboksi ikiachia injini inainama nyuma na feni inakula kava la rejeta. Wakati wa kupandisha, tafuta bolti ndefu za saizi ile ile, zikate vichwa, zifunge kwenye matundu mawili matatu ziwe kama reli za kuongozea. Bila hizo mtahangaika kutafuta tundu huku mzigo umening'inia, na uzito wa giaboksi haupaswi kamwe kuning'inia kwenye diski ya klachi.

Giaboksi ikiwa chini, usipandishe kabla hujatazama uma wa klachi. Ni bati lililokunjwa, linaegemea kwenye kichwa cha mviringo, na kichwa hicho hulitoboa. Likitoboka, pedali inakwenda chini na gia zinakataa kuingia, nawe utashusha upya kwa kitu cha bei ya chini kabisa katika gari zima. Wapo wanaouza uliotiwa bati la pili, nunua huo. Badili pia rilisi beringi, ile inayosukumwa na uma kuachilia klachi, bushi ndogo ya kwenye flaiwili, na sili ya nyuma ya injini kama kile kitundu kilidondosha nyeusi. Diski ya klachi uipime kwa macho ya ubahili: kazi ya kuifikia ni kubwa kuliko bei yake.

Kuhusu giaboksi ya mtumba aliyokutajia fundi: sisemi ni wazo baya daima. Bei ya shafti na beringi zote inaweza kukaribia bei ya giaboksi nzima iliyotumika. Lakini fikiria inatoka wapi. Inatoka kwenye Defender nyingine ya umri huo huo, iliyobeba watalii kwenye barabara zile zile, kwa hiyo inaweza kuwa na ugonjwa huo huo pale pale nyuma. Jambo la kwanza ni kutazama meno ya mwisho wa shafti kwa ukucha. La pili, hakikisha ni R380. Kwenye R380 rivasi iko kulia nyuma, chini ya namba tano; kwenye LT77 iko kushoto mbele. Ya Discovery nayo ni R380, ila nyumba ya klachi na mkono wa gia havifanani na vya Defender. Na wakikupa na transfa juu yake, uliza uwiano: ya Defender yako ni 1.41 kwa gia kubwa, ya Discovery ni 1.22. Ukifunga ya Discovery, gari litakimbia vizuri kwenye lami ya Minjingu na litakuchosha kila ukipandisha Dareda.

Zungusha shafti ya mbele ya hiyo ya mtumba kwa mkono kwenye kila gia, sikiliza. Mwombe muuzaji amwage oili mbele yako. Akikataa, unajua la kufanya.

Wakati wa kujaza, gari liwe sawasawa. R380 inachukua kama lita 2.7, transfa kama lita 2.3, lakini usitegemee chupa. Jaza hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, subiri iache, funga. Usikubali mtu akuwekee namba tisini kwenye R380 eti inapunguza kelele. Itapunguza siku mbili tatu, na asubuhi ya baridi ya kule Mbulu namba mbili itakataa kuingia. Tairi ziwe za saizi moja zote nne na uchakavu unaokaribiana, kwa sababu tofauti ya mbele na nyuma inaifanya difu ya kati izunguke muda wote. Loki iingize mara moja moja ukiwa kwenye matope au mchanga ili isigande, na uitoe kabla ya lami. Ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache, itaachia.

Safari ya kwanza iwe ya hapo mjini, bila mzigo. Sikiliza hivi: sauti ikiwepo gari limesimama na klachi juu, ikapotea ukikanyaga pedali, ni beringi za ndani ya giaboksi, ikitokea ukikanyaga tu, ni rilisi. Sauti ya gia zote inayopungua ukiwa namba nne inatoka kwenye shafti ya chini, kwa maana namba nne inapita moja kwa moja bila kuibebesha mzigo. Yoyote kati ya hizo mrudishie fundi wa Arusha akiwa bado anakukumbuka.

Baada ya kilometa kama 50, gari likiwa limepoa, fungua tena nati zote mbili za kujazia, chovya kidole, ongeza palipopungua. Kaza upya nati za propela. Kishindo kidogo utaendelea kukisikia, maana transfa ya umri huu ina mchezo wake kwenye difu ya kati, na propela zako nazo si changa. Hicho kiache, mradi kisiongezeke.